Darubini Iliyokuja Ndani ya Tende

Magindu,
9 Mfungo Mosi 1372, sawa na 22 Juni 1953

Kwa ndugu yangu Shomari bin Kitwana,

Assalaam alaykum. Nakusalimu kwa kuwa salamu ni haki ya Mwislamu, usidhani nimepoa. Mimi ni mzima. Nawe nakuombea uzima, maana haya ninayokuandikia yanataka mtu mwenye nguvu zake. Shangazi Swaumu mguu bado unamsumbua. Mahindi ya bondeni tumevuna yale waliyotubakizia nguruwe. Idi tumekula, ikiwa ile ilikuwa Idi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwendea mwandishi wa barua, kwani mambo ya nyumba yetu yameshasemwa vya kutosha kwenye baraza za watu.

Shomari, umetupalia makaa. Nimelitanguliza hili usije ukasoma katikati ukadhani nina habari nyingine.

Macho ya Baba unayajua. Tangu mwaka juzi alikuwa akimkosa nguruwe wa hatua arobaini, yeye aliyepewa leseni ya bunduki na serikali kwa shabaha yake, alinde mashamba ya watu hapa mpaka Kwala. Alitaka kuirudisha bunduki boma kwa heshima yake. Wewe ukamwandikia asiirudishe, utamletea darubini ya kufunga juu ya mtutu, inayovuta kitu cha mbali kikaja puani. Mimi ndiye niliyekuuliza kama kitu hicho kina cheti. Ukanijibu kwamba hicho ni kioo tu, na kioo hakiui mtu, na kwamba wanawake tunaogopa hata vivuli vyetu.

Basi kioo chako kilifika mwezi wa Shaabani. Mzee Mwinyijuma alikwenda Mombasa kununua kanga zake, ukampa kikapu cha tende amletee Baba. Mzee wa miaka sabini, Shomari! Alivuka mpaka na kikapu mapajani, akiwasalimia askari na kuwapa tende za juu juu, hajui kwamba chini yake umemfungia kifungo. Ulimchagua kwa sababu sura yake haishukiwi. Hilo peke yake lingenitosha kukukasirikia mpaka nife.

Baba alipokifungua alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyotuponza. Jioni ya mwezi ishirini na tisa watu walitoka kutazama mwezi wa Ramadhani. Mawingu yalikuwa mengi, wakakodoa macho hadi shingo zikawauma, na Sheikh Husseini akawa ameshasema tukamilishe siku thelathini. Baba akaingia ndani, akatoka na bunduki, akaielekeza magharibi akafumba jicho moja. Akasema ameuona. Wazee wakapokezana ile bunduki mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anafumba jicho, na kila mmoja anasema naam, ule pale, mwembamba. Mungu anisamehe, mimi nilicheka. Kesho yake Magindu tukafunga.

Mlandizi hawakufunga. Waliposikia tumefunga kwa darubini walitutukana vibaya, wakasema Ramadhani ya Magindu imepigwa risasi. Wetu nao wakajibu, na wewe unajua watu wa kwetu hawajibu kwa upole. Mwishowe Hemedi, yule mkwe wa Shangazi anayejifanya anajua dini kuliko waliomfundisha, akaandika malalamiko kwa liwali Kisarawe, aulize kama inajuzu kuona mwezi kwa darubini ya bunduki. Yeye alitaka fatwa tu. Lakini barua za liwali hupita mkononi mwa karani wa boma, na karani akaipeleka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Huyo hakujali mwezi hata kidogo. Aliuliza darubini imetoka wapi.

Mwezi sita Ramadhani, siku ya sita ya funga yetu, askari wawili wakashuka kwenye treni. Baba aliwakaribisha, akawatolea bunduki mwenyewe, akawaonyesha namna ya kutazama. Akawaambia wamwangalie kunguru kwenye paa la msikiti. Wakamwangalia kunguru, kisha wakamfunga Baba pingu, wakampeleka boma Kisarawe.

Nikamfuata kwa treni, nikashuka Pugu, nikapanda kilima kwa miguu na funga yangu hadi Kisarawe. Karani alinieleza taratibu pole pole, kwa sababu aliniona nalia. Alisema kiungo chochote cha bunduki, hata kisichoua peke yake, kinahesabiwa kama bunduki. Kabla hakijatoka Kenya kinataka kibali cha kutokea, na kabla hakijaingia Tanganyika kinataka kibali cha kuingilia, na vyote viwili vipatikane kitu kikiwa bado dukani. Namba iliyochongwa ubavuni mwake iandikwe kwenye karatasi zote mbili, pamoja na leseni ya anayekipokea. Na tangu Kenya iingie katika hali ya hatari, akasema, mtu mweusi akiomba karatasi hiyo hapewi, anaulizwa jina la babu yake. Nikamuuliza ni nani anayeyajua yote haya. Akanijibu kwamba kila anayefanya kazi duka la bunduki anayajua.

Sasa nieleze, wewe uliyetuandikia miaka mitatu mfululizo kwamba huko Mombasa ndiwe unayewajazia Wazungu karatasi hizo, na bila wewe bunduki zao hazipandi meli. Ulijua. Ulijua ukiomba utakataliwa, na badala ya kumwambia Baba samahani haiwezekani, ukaona heri usifiwe. Najua ulimpenda. Lakini ulipenda zaidi aseme mbele za watu kwamba mwanawe amemrudishia macho.

Baba hakukutaja. Walimuuliza siku tatu, naye jibu lake moja tu, kwamba kitu hicho alikiokota msituni, labda kimeanguka kwa Mzungu mwindaji. Mzee Mwinyijuma naye Baba hakumtaja. Bwana Shauri akasema mzee anayesema uongo mwezi wa Ramadhani atakaa ndani mpaka ukweli upatikane, na ukweli usipopatikana ni miezi kumi na minane kwa kazi ngumu. Baba alikuwa anakohoa damu, Shomari. Nilimpelekea futari, akashindwa kumeza uji.

Kwa hiyo nitakwambia nililolifanya, na nitakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu. Mwezi kumi na tano nilikwenda kwa karani nikakutaja. Jina lako, la baba yetu, mtaa unaokaa, duka unalofanyia kazi. Nilisema pia kwamba Mzee Mwinyijuma hakujua kitu. Wakaandika, nikaweka dole gumba ingawa najua kuandika, kwa sababu sikutaka kuandika jina langu chini ya lako. Bwana Shauri akasema siku utakayokamatwa, Baba atatoka.

Baba hajui. Siku ile ile nilipompelekea maji alinivuta karibu na nondo akaninong'oneza, "Mwandikie mwanangu aondoke Mombasa leo, asingoje kesho. Aende Pemba kwa baba yenu mdogo, mpaka haya yaishe." Nikamjibu nitaandika. Na kweli niliandika, Shomari, barua nzuri ya mistari minne, nikatia bahasha na stempu. Karatasi ya serikali ya kukukamata ilikuwa haijaondoka boma. Ilikaa siku nne ikingoja sahihi. Posta ingekuwahi. Nilipita mbele ya posta ya Kisarawe siku zote hizo nne, bahasha iko kifuani, sikuingia. Ungekimbia, Baba angefia mle ndani. Nilichagua, na ningerudishwa pale leo ningechagua vile vile. Heri lawama.

Simu ya kukamatwa kwako ilifika mwezi ishirini na nane, na Baba akatolewa jioni yake bila kuambiwa sababu. Bunduki imebaki boma na leseni wameifuta. Kumbe hata kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni sasa anapapasa ukuta.

Sina la ziada. Shangazi Swaumu anakusalimu na anakulilia. Mzee Mwinyijuma hakusalimu. Baba anakusalimu sana. Kila baada ya swala anainua mikono anamshukuru Mungu kwa kukufikisha Pemba salama, kama nilivyomwambia, na mimi niliyekaa nyuma yake naitikia amina. Hivi sasa yuko hapa ubavuni mwangu, anasikia kalamu inavyokwaruza karatasi, na ameniambia nisisahau kukuuliza bei ya karafuu huko.

Ni mimi dada yako,
Siwema binti Kitwana