Viti Vilivyouzwa Mara Mbili

Jumatatu, 8 Novemba 1999. Shinyanga
Ladu, vile vitamu vya Diwali, zimebaki nusu sinia ofisini. Nimekula tatu kabla ya chai. Mzee Kanti, bosi wetu, kaja na shati jipya na kawapa mkono makondakta wote. Mabasi yameondoka kwa wakati. Programu yangu ya tiketi inakwenda vizuri, hapa na kwenye tawi la Kahama tulilolifungua juzijuzi. Naipenda programu hii kama mtu anavyopenda mtoto wake mwenye akili.

Mchana Doto kapiga simu. Doto ndiye mkata tiketi wetu wa Kahama. Anasema abiria wamepotea. Nikadhani ajali. Kumbe wamepotea kwenye kompyuta! Umeme ulikatika, na uliporudi viti vyote vya Jumamosi vilionekana vitupu. Naye, bila kuuliza, kaanza kuviuza upya.

Nimemwambia hakubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kaapa kwa jina la mama yake kwamba alibonyeza. Simwamini.

Jumanne, 9 Novemba
Imetokea tena. Umeme ukikatika, abiria wa Kahama wanafutika.

Mzee Kanti ana jibu lake tayari. "Ni ule ugonjwa wa kompyuta wa mwaka elfu mbili, Limi. Umefika mapema." Nimemweleza kwamba huo, kama upo, unasubiri Januari. Hakunielewa, au hakutaka. "Mwanangu, kama hadi Jumamosi haijapona, narudisha vitabu vya tiketi. Hiyo meza nitaweka televisheni."

Televisheni! Nimeumia. Ladu sijagusa.

Jumatano, 10 Novemba
Leo nimeitesa mashine ya hapa. Nimeichomoa kwenye umeme makusudi, tena na tena. Abiria wote wapo, kila mmoja na kiti chake. Programu ni ileile. Kwa nini hapa inakumbuka na kule inasahau?

Doto kapiga tena, sauti ya chini. Basi la Jumamosi asubuhi, Kahama kuja Shinyanga: Mama Kabula, shangazi wa bibi arusi, alichukua viti vyote kwa ajili ya msafara wa harusi. Baada ya umeme kukatika, Doto akaviuza vyote kwa kwaya ya kanisa. Wote wana tiketi mkononi. Wote wamelipa. Hakuna anayejua habari za mwenzake.

Kesho naenda Kahama mwenyewe.

Alhamisi, 11 Novemba. Kahama
Tope njia nzima. Nimefika sketi ina rangi mbili.

"Shikamoo, fundi," Doto kanichokoza. Tumezaliwa mwaka mmoja. Nikaitikia marahaba kwa uso mkavu. Nikakaa nyuma yake kumwangalia akikata tiketi. Anabonyeza kitufe. Kila mara. Nimemwomba radhi moyoni, halafu kwa mdomo.

Nikabadilisha diski. Bado. Nikabadilisha waya. Bado. Nikanunua mihogo ya kukaanga, nikakaa nje, nikafikiri.

Dirisha la tiketi kwenye skrini haliandiki lenyewe kwenye hifadhidata. Haliundi hata kipande cha programu cha kuliandikia. Programu inapowaka ndipo linapokabidhiwa kipande hicho, mtunzaji, na jina la mtunzaji huyo tunaliandika kwenye faili la mipangilio. Nilifanya hivyo ili nikiwa najaribu mambo niweze kulipatia mtunzaji wa bandia, anayeshika kila kitu kichwani na kusahau mashine ikizimwa. Nilijiona mjanja sana.

Nikaiacha mihogo. Nikakimbia ndani. Nikaongeza mstari mmoja tu: dirisha, umekabidhiwa nani? Likajibu: TunzaMajaribio.

Wa bandia! Tangu tawi lifunguliwe Doto anawaandika watu kwa mtunzaji wa bandia, na mashine haikuzimwa hata mara moja hadi umeme ulipokatika!

Nikafungua faili la mipangilio. Palipotakiwa TunzaSafari pameandikwa TunzaSafali. Programu ilimtafuta huyo Safali, ikamkosa, na kwa agizo langu mwenyewe ikatoa yule wa bandia kimyakimya, ili kazi isisimame.

"Nimeandika ulivyosema kwenye simu," Doto kasema.

Kweli. Nilimsomea mimi, kwa haraka. Nikiwa na haraka ulimi wangu unarudi kwetu Maswa, r inakuwa l, na yeye ni Msukuma kama mimi, kasikia sawasawa kabisa. Tumecheka hadi kondakta akaja kuuliza kuna nini.

Nimesahihisha herufi moja. Nimefuta na ule wema wa kijinga: sasa mtunzaji asipopatikana, programu inakataa kufunguka na inasema sababu kwa maandishi mekundu. Nikachomoa umeme. Nikauwasha. Abiria wapo! Doto kacheza.

Ijumaa, 12 Novemba. Kahama
Programu imepona. Jumamosi haijapona. Basi moja, misafara miwili.

Nimempigia Mzee Kanti na kumwambia yote. Nikamwambia dirisha ni kama mpishi anayeletewa maji: hapa tulimletea ndoo nzima, Kahama tukampa iliyotoboka, na yeye hawezi kujua.

"Kwa hiyo si elfu mbili?"

Si elfu mbili. Nadhani kasikitika kidogo.

Lipo basi la akiba Shinyanga, lakini dereva wake ana malaria. Mzee kasema litafika. Sikuthubutu kuuliza kwa mkono wa nani. Naogopa.

Jumamosi, 13 Novemba
Stendi, asubuhi. Mama Kabula na kina mama wake, ngoma, kuku, masufuria. Mbele yao kwaya, majoho meupe, kinanda. Wote mlangoni pa basi moja.

"Imbeni mpendavyo," Mama Kabula kawaambia, "lakini bibi arusi hasubiri mtu!"

Doto kajificha nyuma yangu. Nimesimama kwenye ngazi ya basi, nikasema kosa ni letu, la pili linakuja. Hawakuniamini. Hata mimi sikujiamini.

Honi. Basi la akiba likaingia, tope hadi vioo. Kwenye usukani Mzee Kanti mwenyewe! Kumbe alianza maisha kwa kuendesha lori la pamba. Miaka yote hii sikujua. Stendi nzima ikapiga makofi.

"Kwaya, huku!" kaita.

Nimepanda na kwaya. Wameimba njia nzima, na Mzee kaimba nao, wimbo asioujua, maneno ya kubuni. Tumefika kabla ya ndoa kufungwa. Mama Kabula hakuwaacha wanakwaya waende zao, kawavuta wakaimbe harusini. "Wabeja, wabeja," kamshukuru Mzee huku akimshika mikono yote miwili. Mzee hali nyama. Kala wali na maharage, sahani mbili.

Nina furaha. Basi.

Jumatatu, 15 Novemba
Mzee analalamika mgongo unamuuma. Anamwambia kila mteja alivyoendesha. Habari za televisheni hazikusikika. Nimepitia mipangilio ya mashine zote kwa macho yangu. Kwenye simu, kuanzia leo, tunatajiana herufi moja moja.

Alhamisi, 25 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Abiria wachache. Jioni nimempigia Doto kuhusu karatasi za printa. Tumeongea habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja kazaa. Nikiwa karibu kukata, nikamuuliza habari za umeme.

Ulikatika mara mbili leo, kasema, kisha akarudi kwenye ndama.

Nimefunga ofisi. Nimetembea hadi nyumbani polepole, viatu mkononi.