Thredi ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Sampuli ya kumi na tisa. Tope kutoka sakafu ya bahari. Nimelichuja, nimelikausha, limebaki kama chumvi laini. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo mno, waliokufa zamani sana wakazama. Unayaokota moja moja kwa brashi ya unywele mmoja uliolowa mate. Shingo inauma.

Hadubini ni moja, wanafunzi tuko watano. Kwa hiyo nabana simu kwenye lenzi, napiga picha, nahesabu nikifika nyumbani Makadara. Kamera ya nyuma ilikufa mwezi jana, simu iliponiponyoka kwenye ngazi za maktaba. Natumia ya mbele, ya selfi. Swali ni moja tu: gamba limejizungusha kushoto au kulia? Wa kushoto walipenda maji baridi. Wa kulia, maji ya vuguvugu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimehesabu. Nimehesabu tena. Sampuli kumi za chini, tope la zamani zaidi, karibu zote kushoto. Kuanzia ya kumi na moja kwenda juu, karibu zote kulia. Ghafla tu. Bahari ilipata joto na mimi ndiye niliyeiona! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Daktari, msimamizi wangu, mtu asiyesifu hata chai, amesema hongera. Jina langu litaenda kwa watu wa meli ya utafiti. Majina anayatuma Jumanne. Mwaka wa pili huu naisoma bahari na sijawahi kuiona. Naitaka hiyo meli. Naitaka mno.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kanisani. Baba hukata thredi za bolti, ile mifuo inayozizunguka, kwenye karakana mtaa wa Baba Dogo, tangu sijazaliwa. Aliuliza hizo picha nazipiga vipi. Nikachukua bolti aliyokuwa nayo mfukoni, nikaipiga, nikamwonyesha.

Akanuna. "Hii si yangu. Hii ni thredi ya kushoto."

"Baba, ni hiyo hiyo."

"Wewe mtoto, mimi nikate thredi ya kushoto, kwani natengeneza pedali ya kushoto ya baiskeli? Angalia!"

Nikaangalia. Bolti mkononi, kulia. Bolti kwenye simu, kushoto. Kamera ya mbele inageuza picha kama kioo.

Simu ilianguka nikiwa nimemaliza sampuli ya kumi. Bahari yangu ilipata joto kuanzia ya kumi na moja. Baba bado anatetea bolti yake.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeitazama sampuli ya kumi na moja kwa macho yangu. Kushoto. Ya kumi na mbili, kushoto.

Nikakaa tu. Nani atajua? Daktari hawezi kuhesabu upya. Jina liende, meli niipande, makosa niyarekebishe nikirudi. Nimewaza hivyo karibu nusu saa, naandika hapa ili nisijisahau. Kisha nikamkumbuka Baba, jana, alivyofoka kwa ajili ya bolti moja ambayo hata haikuwa na kasoro. Nikaona aibu.

Nimemwambia Daktari yote, mpaka ngazi za maktaba. Akachukua kalamu na rula, akalikata jina langu kwenye orodha kwa mstari mmoja ulionyooka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kwenye hadubini.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemaliza kuhesabu upya, bila simu. Wenzangu wawili walinipa zamu zao. Kushoto, kushoto, kushoto. Bahari ilikaa baridi muda wote ule.

Jana Baba aliuliza habari ya meli. Nikamwambia ipo, ila mimi siendi. Alimaliza ugali wake, akanawa.

Asubuhi nimeikuta ile bolti ndani ya kikopo changu cha brashi. Ameisugua, ameipaka mafuta. Sasa iko maabara, kando ya hadubini. Anayetaka kupiga picha anaanza nayo.