Mwanangu Alinisemea Darasani

Mpendwa Shangazi, mshauri wetu wa kila Jumapili, naomba msaada wako haraka, maana nimewasha moto kwa mdomo wangu na sasa unataka kumuunguza mtu asiye na kosa.

Mimi ni fundi cherehani, na kila uchaguzi ukikaribia ni mimi ninayeshona sare za kina mama wa chama changu, na sisemi ni chama gani ila mtaani kwetu hakuna asiyejua, kwa sababu vigelegele vyangu hufika kabla yangu. Nina binti wa kidato cha tatu, namwita Mkwe kwa vile alirithi jina la mama mkwe wangu na ukali wake wote, basi siku moja tunakula nikamuuliza leo mmesoma nini, akanijibu huku anatafuna, "Uraia. Leo nimekusemea, mama. Mwalimu kafurahi kweli." Shangazi, tonge nililirudisha sahanini. Nyumbani kwetu kumsemea mtu ni kumchongea, ni yule mtoto anayekimbilia kwa mama kusema fulani kala sukari, nikajiambia kumbe huyu mwalimu anawatumia watoto kuwapeleleza wazazi wao! Sikuuliza zaidi, nikavaa kandambili nikaenda kwa jirani, jirani akaenda kwa shoga yake, na kabla wiki haijaisha wazazi wameitisha mkutano Ijumaa wa kutaka mwalimu ahamishwe, na msemaji wao wamenichagua mimi.

Nikaona niende shuleni kutafuta ushahidi. Mwalimu akanipokea kwa heshima, akanipa kiti nyuma ya darasa. Ubaoni alikuwa kabandika magazeti mawili ya siku moja, habari ni ileile ya wachuuzi kuondolewa kando ya barabara, ila moja limeandika mji unasafishwa na jingine limeandika wanyonge wanafukuzwa, akawauliza watoto kila gazeti limeacha kusema nini. Kisha wakaanza kubishana kuhusu vyama, na hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mwalimu huyu huruhusiwi kumpinga mtu mpaka umsemee kwanza, yaani uitoe hoja yake vizuri kama vile ni yako, mpaka mwenyewe akiri, "Hapo umenisemea." Ukishindwa, unakaa chini.

Akasimama msichana ambaye baba yake ndiye mshika kipaza sauti wa wapinzani wetu, nikajua leo tutaogeshwa matusi, kumbe zamu yake ilikuwa kutusemea sisi. Akasema, "Msidhani mama wa chama kile kanunuliwa kwa fulana. Pale ndipo mtu alipomuuliza kwa mara ya kwanza, yeye mwanamke wa cherehani, 'Unaonaje?' Na jibu lake likasikilizwa." Mwalimu akanigeukia, "Mama, kakusemea?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yalishanitangulia. Miaka yote hii nimevimbisha mishipa ya shingo mikutanoni na sijawahi kujisemea vizuri hivyo. Mtoto mmoja akamchokoza mwalimu aseme yeye anampigia nani, akajibu, "Kura yangu ni kama mswaki wangu. Natumia, siazimishi." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka na machozi yangu. Sijaona mwalimu kama huyu, Shangazi, na mimi ndiye niliyemtafutia balaa.

Sasa nikikiri kwamba nilisikia vibaya, mtaa mzima utanicheka, na wenzangu wa chama watasema nimenunuliwa na wapinzani, na sare za mwaka huu watampa fundi mwingine. Nikinyamaza, mwalimu anahamishwa. Yeye hajui kwamba chanzo ni mimi, tena wakati naondoka alinishukuru kwa kuja. Mkwe naye hajui. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi Vigelegele

SHANGAZI ANAJIBU

Pole sana, Fundi. Sasa kaa vizuri, maana nitakusema kabla sijakusemea.

Mtoto alikuwa mbele yako, sahani moja. Swali dogo tu, "Umenisemea vipi?", lingemaliza kazi. Wewe ukachagua kandambili! Ukikosea kukata kitambaa cha mteja, unausingizia mkasi? Basi hili nalo usimsingizie jirani wala shoga yake.

Nakuhurumia hata hivyo, kwa sababu ulienda kuona kwa macho yako, na ulipoona ukakubali. Wengi wangekaa kiti kile na kutoka na hasira ileile waliyoingia nayo. Huyo mwalimu amekugusa, na mimi ambaye sijamwona nimempenda. Vijana wanaoweza kumsemea adui yao kabla ya kumjibu, hao tukiwapata wengi tutalala usingizi mnono.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mwambie Mkwe ukweli. Kisha nenda kwa mwalimu ukamwambie mwenyewe, asije akausikia mkutanoni. Ijumaa nenda na Mkwe, simama, na usianze na kuomba radhi. Anza kwa kuwasemea wazazi wenzako: kwamba wanaogopa watoto wao wasinyang'anywe imani za nyumbani, na woga huo si upuuzi. Sema mpaka waitikie, "Hapo umetusemea." Ndipo uwaeleze neno lilivyokuponza. Watacheka. Cheka nao, kisha waalike wakakae nyuma ya darasa kama wewe.

Na sare? Huenda ukazikosa, sikufichi, na itauma. Lakini yule msichana hakusema unakipenda chama kwa sababu ya sare. Alisema ni kwa sababu walikuuliza unaonaje. Ijumaa wanakuuliza tena, Fundi. Wajibu.

Mkirudi nyumbani, mwambie Mkwe akusemee ulivyokuwa pale mbele. Usimkatize, hata akikuchoma. Na kama kasema kweli, unajua cha kumjibu.