Jeli Kaimimina Nani?

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba, hata kama shikamoo umeisahau. Bibi yako mzima, bado ananigombeza.

Unauliza kama wewe ni mtaalamu kweli, maana wenzako wa maabara wanakucheka kupima vinasaba vya mpunga kwa jeli ya kuvitenganishia iliyotoka kiwandani tayari, badala ya kuimimina mwenyewe. Sikia. Ujanani, hapa Zombo, nilikataa miche ya jirani, nikaotesha yangu kwa kiburi. Ikachelewa, mvua ikaisha, nikavuna majani. Bibi yako, bado mchumba, akaniuliza: “Wewe, unaoa au unafuga mbuzi?” Mwaka uliofuata nikapandikiza ya jirani, kwa mistari iliyonyooka. Wageni wa harusi walishiba.

Nimeshakutangaza kijiji kizima kuwa ni mtaalamu. Wote wameuliza kama umechumbiwa. Hakuna aliyeuliza jeli kaimimina nani.

Babu yako mtundu