Wembe wa Baba na Kichwa cha Mjukuu

Baba,

Mola akupe nafasi huko uliko. Karatasi hii nimeikandamiza kwa kinoo, lile jiwe lako la kunolea, kwa sababu mkono wangu wa kushoto una bandeji na hauwezi kuishika. Usishtuke, nitakueleza. Lakini habari njema kwanza: Athmani amepata mtoto wa kiume. Mjukuu wako wa kwanza, na wewe hukungoja hata kumwona. Hilo linanikera, nisikufiche.

Siku ya saba ina mambo yake. Mbuzi alikuwa tayari, nyumba nzima hapa Kibokoni ilinukia udi, na lililobaki ni nani atamnyoa mtoto nywele za tumboni. Sote wa nyumba hii tulinyolewa kwa wembe wako, mimi na Athmani pia. Nikasema nitanyoa mimi, kwa wembe huo huo. Nani mwingine uliyemkalisha kando yako kila asubuhi ukinoa, kabla hujaenda kufungua kibanda chako cha kinyozi?

Kaka yangu akaruka. Redioni kila siku ni ukimwi na nyembe, na unakumbuka wateja walivyokukimbia mwishoni, wakaenda kwa vijana wenye mashine za umeme. Akasema mwanawe atapelekwa huko huko, na wembe wa kale utupwe. Tukavutana mpaka Shangazi Mwanaesha akaingia kati. Athmani akakubali, kwa sharti alilolitamka mbele ya watu: "Haya, dada. Lakini nikiona tone moya la damu, wembe n'tautupa baharini, Wallahi, na mwanangu hutomshika tena." Unamjua Athmani, akiapa ameapa.

Nikautoa kibwetani. Ulikuwa na kutu, Baba. Doa dogo tu karibu na ncha, lakini moyo ulinipasuka. Tangu tukuzike hakuna aliyeufungua wala kuupaka mafuta, na hewa ya chumvi ya mji huu unaijua. Nikalowesha kinoo, nikakaa uani, nikaulaza kama ulivyonionyesha, mgongo na makali vyote viguse jiwe, makali yatangulie. Nilikuwa nakusikia: "Usiukandamize, mwanangu. Wembe haulazimishwi." Shingo ilikakamaa, lakini kutu ikatoka.

Baada ya jiwe ni ukanda wako wa ngozi, wa kulainishia makali. Nikauendea nyuma ya mlango, nikaukuta mgumu kama samaki wa ng'onda. Shangazi, tulipokuwa tukisafisha nyumba kwa arobaini yako, aliuona mweusi na wenye mafuta, akaona haya wageni wasije wakauona. Akaufua kwa sabuni ya mche, akauanika juani, kisha akaurudisha pahali pake kwa heshima zote! Mafuta ya miaka yote ile yalitoka kwa asubuhi moja. Sikumkaripia. Alifanya kwa mapenzi, maskini.

Nikafanya ulivyokuwa ukifanya wewe ukiwa na haraka, nikaupitisha wembe kwenye kiganja. Chako kilikuwa kiganja cha kinyozi, kigumu kama soli. Changu kimezoea mbuzi ya nazi tu. Mgongo utangulie, makali yafuate, na ukigeuza, geuza kwa mgongo. Kisha nikapuliza baluni niliyonunua Marikiti, nikaipaka povu na kuinyoa, kama ulivyowajaribu wanafunzi wako. Ikapasuka paa! Athmani akatokea mlangoni uso umemsawajika, akaniuliza kama kichwa cha mwanawe nacho kitalia hivyo. Nikarudi kiganjani, nikajaribu tena, na tena, mpaka baluni moja ikabaki nzima inang'aa.

Shangazi akampakata mtoto kwenye kitambaa cheupe, nami nikamlowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu. Baba, mbona hukuniambia kwamba utosi hupiga? Niliuona ukipanda na kushuka chini ya wembe, na mkono ukataka kukimbia. "Kitwa cha mwana si nazi," ulikuwa ukisema, tukacheka, na sikujua kwamba nawe ulikuwa ukiogopa. Nikaanza nyuma ya sikio. Nywele zilitoka bila sauti. Nusu ya kichwa ilikuwa safi nilipoliona tone.

Jekundu, hapo hapo utosini.

Athmani aliliona pamoja nami, akainuka. Rukia, mkewe, akapiga kelele kule kitandani kabla hata ya kujua kuna nini. Shangazi alichovya kidole kwenye marashi akafuta, na chini yake ngozi ilikuwa nzima. Tukangoja. Ndipo tone jingine likadondoka kwenye kitambaa, sote tukatazama juu. Ulikuwa mkono wangu. Kiganja kilichanika pale nilipokuwa nikinolea, na kwa hofu sikuhisi kitu.

Lakini tone ni tone, na kiapo ni kiapo. Athmani akanyoosha mkono, nami nikampa wembe. Nilikuwa nikilia wazi wazi, Baba. Ni wewe niliyekuwa nakupoteza mara ya pili. Akatoka nao uani. Nikasikia maji.

Akarudi ameuosha, anaufuta kwa pamba yenye spiriti, kutoka mgongoni kuja kwenye makali, polepole, kama wewe kabisa. Kumbe miaka yote ile naye alikuwa akitazama! Akanifunga kiganja kwa hanchifu yake, akampokea mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Malizia, dada," akasema.

Nikamaliza. Mjukuu wako hakulia, ila alimkojolea babake.

Nitautafuta ukanda mpya, nao nitaulisha mafuta mpaka uwe mweusi kama wako, na Shangazi sitamwonyesha ulipo. Kutu haitaugusa wembe wako nikiwa hai, nakuahidi. Sasa niruhusu niondoke, kwaheri Baba, jua limeshuka. Athmani amefunga leo, na kesho, na kesho kutwa. Ni kafara ya kile kiapo alichokivunja, maana baada ya kununua mbuzi hana cha kulishia maskini. Mimi ndiye ninayempikia futari.

Mwanao