Je, Mimi Ndiye Nuksi ya Timu ya Mwanangu?

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi marahaba, maana gazetini hatuoni uso wako. Naomba unisaidie na unijibu kabla ya Jumamosi, kichwa changu kimejaa kama gunia, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta maneno yanakimbia bila kupumua ujue ni mimi mwenyewe ninayekimbia nayo.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia, kibanda changu kipo ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, na nina binti wa kidato cha pili ambaye amerefuka hivi kwamba kila sketi ninayomshonea naacha pindo refu la kufumua baadaye na baadaye yenyewe inafika kabla sijamaliza uzi, wenzake wanamwita Mlingoti na yeye anaitika vizuri tu. Basi mwaka huu huyo Mlingoti akaingia timu ya mpira wa kikapu ya mtaa wetu, na hapo raha yangu na taabu yangu zikaanza siku moja.

Timu yenyewe mshauri inafungwa. Sisemi inafungwa mara moja moja, inafungwa kama vile imeajiriwa kufungwa. Wale dada wakubwa waliokuwa wanashinda zamani wengine wameolewa, wengine wamepata kazi, na waliobaki kocha amewakalisha benchi kwa makusudi, anasema msimu huu ni wa watoto, wacheze wao, wakosee wao, wakubwa kazi yao kuwaelekeza na kuwashikia maji. Kocha ni mwanamama, dereva wa lori la maji, ana sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara na akageuka hata asiyeitwa.

Siku moja akaja kibandani, nikadhani anataka suruali, akasema, "Mama Mlingoti, nishonee pazia la ubao wa pointi." Nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Akasema, "Sitanii. Hawa watoto wakiona namba wanaacha kucheza, wanaanza kuhesabu." Ule ubao wetu una namba pande mbili, upande mmoja unatazama uwanjani na upande wa pili unatutazama sisi watazamaji, basi nikashona pazia zito la kijani, nikalitia marinda, kocha akalitundika upande wa uwanjani. Marefa wakacheka, timu ngeni zikacheka, lakini wakakubali, na tangu hapo wasichana wetu wanacheza nyumbani bila kujua pointi mpaka filimbi ya mwisho.

Mchezo ukiisha wanakaa chini kwenye duara wanakula machungwa, na kila mmoja anasema kitu kimoja alichofanya leo ambacho wiki iliyopita kilikuwa kimemshinda, wenzake wanampigia makofi. Mwanangu siku moja akasema, "Leo nimedunda kwa mkono wa kushoto bila kuutazama mpira," mshauri, walimpigia makofi kama ameolewa, na siku hiyo tulikuwa tumefungwa vibaya mno. Baba yake, fundi mwashi, hukaa mlangoni akasikia nyimbo zinakuja kutoka kona, anauliza, "Mmeshinda?" Wanamjibu, "Hapana baba, tumefungwa!" "Sasa mnaimba nini?" "Pilipili amefunga kikapu chake cha kwanza!" Pilipili ni yule mfupi wao. Baba mtu anacheka, anasema nyumba hii imeingiliwa, kisha unamsikia na yeye anaimba huku akinawa miguu.

Kwa hiyo wao wana furaha. Tatizo ni mimi. Mimi namba naziona. Nakaa kwenye ngazi za saruji na akina mama wenzangu, naona upande wa kwetu ziko chache na wa wageni zimejaa, jasho linanitoka, nashika kichwa, na zikiachana sana navua kilemba najifutia uso, sipigi kelele wala sisemi neno baya mshauri, nakaa tu na uchungu wangu. Na mwanangu mchezo wenyewe anauanza vizuri, anaruka, anarusha, ukifika katikati anapoa, mpira akipewa anautoa haraka kama chungu cha moto, na nikimwona amepoa ndiyo nazidi kushika kichwa.

Sasa sikiliza hili. Wiki iliyopita nilichelewa, gauni la bibi harusi liligoma zipu na yeye yumo ndani. Nilipofika uwanjani mchezo uko mwishoni, akina mama wananiambia, "Ulikuwa wapi? Mwanao leo kawachachafya!" Nikatazama ubao, hee, tumepungukiwa kikapu kimoja tu! Kihoro kikanipata, nikavua kilemba nikashika kichwa kwa mikono miwili, na palepale Mlingoti ana mpira mkononi, yuko chini ya kikapu peke yake kabisa, akageuza uso huku kwetu akaniona, na badala ya kurusha akatoa pasi, ikanyakuliwa, filimbi ikalia.

Wifi yangu alikuwepo. Binti yake yuko ile timu ya mabingwa ya ng'ambo ya mji, medali zimejaa ukutani kwao, ingawa uwanjani sijamwona mtoto akitoka jasho, namwona akikunja mataulo. Wifi akaniambia mbele za watu, "Wifi, wewe una nuksi. Ukikanyaga uwanja tu mpira unakataa. Mlete mtoto kwetu, huku hata nuksi inashindwa." Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nimebeba jiwe.

Keshokutwa yake kocha wa mabingwa akaja kibandani kwangu, kavaa traksuti imenyooka kama imetoka kwa dobi, akasema anamtaka Mlingoti, atakaa benchi kwanza kama mwaka hivi ajifunze kwa kuwatazama wenzake, halafu wataona, na anataka jibu kabla ya Jumamosi maana Jumamosi ndiyo tunacheza nao, kwenye uwanja wetu. Nilipomwambia mtoto, aliweka kijiko chini. "Mama, ukinihamisha kule sichezi tena popote. Nitarudisha na viatu vya timu." Nikamwambia nataka ushinde mwanangu, nimechoka kukuona unafungwa. Akasukuma sahani, akasema taratibu, "Na siku ile kilemba ulikivua hata hujakaa." Nikamuuliza, sasa kilemba changu kimeingiaje hapa? Akaondoa vyombo.

Na la kumaliza ndilo lililoniumiza zaidi. Kocha wetu alisimamisha lori jana mbele ya kibanda, akasema, "Mama Mlingoti, Jumamosi naomba ukae upande wetu, karibu na benchi." Mshauri, upande ule hakuna ngazi wala kivuli, kuna mifuko na chupa za maji tupu! Nikaona basi, na yeye kasikia habari ya nuksi, ananitoa kwenye watu, au ni kwa sababu mimi sijasoma, sijui kukaa na watazamaji. Hasira zikanipanda, nikamjibu, "Labda Jumamosi hata huyo mtoto simleti." Akataka kusema kitu, gari za nyuma zikampigia honi, akaondoka.

Tangu jana Mlingoti hacheki. Nyumba ambayo ilikuwa ikifungwa na kuimba sasa imenyamaza. Niambie mshauri, nimpeleke kwa mabingwa? Na kweli mtu anaweza kuwa nuksi kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe? Kama ni kweli niambie tu, nitakaa nyumbani, nitasikilizia nyimbo kwenye kona.

Ni mimi,
Mama Mlingoti, fundi cherehani


MSHAURI ANAJIBU

Mama Mlingoti,

Marahaba. Nimekuzidi, na usiulize kwa miaka mingapi. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, mhariri akaacha chai yake ikapoa, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kisha nikairudia peke yangu, taratibu, na kicheko kikakatika.

Nuksi huna. Hiyo itupe nje pamoja na vipande vya vitambaa. Ulicho nacho ni uso, mama, na uso wako unasomeka kuliko gazeti hili.

Hebu soma maneno yako mwenyewe. Namba zikiachana, unashika kichwa. Zikiachana sana, unavua kilemba. Na mtoto, ambaye mchezo ameuanza akiruka, anapoa katikati. Siku uliyokwama na zipu ya bibi harusi, hakupoa. Umefika, umevua kilemba, amekutazama, ametoa pasi. Wewe na wifi yako mkaona nuksi! Mimi naona mtoto aliyefichwa ubao akapata ubao mwingine, umekaa kwenye ngazi za saruji, unatoka jasho. Mlishona pazia zito la kijani lenye marinda, halafu wewe ukalitoboa tundu lenye ukubwa wa uso wako.

Umeuliza kilemba kimeingiaje. Kimeingia hivyo.

Usilie. Mtoto anayekutafuta kwa macho katikati ya mchezo ni mtoto anayekupenda, na wapo akina mama ambao wangetoa cherehani zao ili watazamwe hivyo mara moja tu. Lakini pia usijidanganye kwamba unamhamisha kwa ajili yake. Katika nyumba yenu anayeumia kwa kufungwa ni mmoja, na si Mlingoti. Yeye anarudi anaimba. Baba yake anaimba. Pilipili anaimba. Wewe peke yako ndiye unayerudi na jiwe, na sasa unataka mtoto abadilishe timu ili wewe ulitue.

Kuhusu kocha wako, nadhani umemkosea. Upande wa benchi ndio upande wa pazia, mama! Ukikaa pale, kati ya mifuko na chupa tupu, hutaona namba hata moja. Hakukutenga na watu, alikuwa anakuingiza kwenye timu. Na yeye namlaumu, mtu anayeendesha lori zima la maji anashindwaje kusema jambo waziwazi? Lakini nahisi kuna msichana mrefu alimwomba, "Kocha, mwambie mama, ila usimuumize." Ndiyo maana na nyumbani aligusia kilemba kisha akaondoa vyombo.

Mabingwa sina ugomvi nao. Huenda siku moja wakamfaa, na siku hiyo atakwambia mwenyewe. Ila kwa sasa wanataka akae mwaka mzima akitazama wengine, na mtoto ambaye juzi tu mkono wake wa kushoto umemkubali anahitaji mpira mkononi, hahitaji taulo. Huko aliko anaachwa akosee mbele za watu na bado anapewa chungwa. Shule ya namna hiyo haipatikani kila mtaa. Wifi mpe hongera ya medali, mwambie kama ukuta umejaa utamshonea mfuko wa kutunzia zingine, yaishe.

Sasa kazi. Ukimaliza kusoma hapa weka mkasi chini, nenda kamtafute kocha kabla hajawasha lori. Sema, "Jumamosi nakuja, na mtoto nakuja naye." Basi. Akitaka kukukumbatia mkumbatie, akitaka kupiga kelele ziba masikio. Jioni mwambie Mlingoti kwamba umeelewa habari ya kilemba, mwambie na pole, neno hilo haliumizi meno. Na yule bwana wa traksuti iliyonyooka akija kuchukua jibu, mwache Mlingoti amjibu mwenyewe. Wewe simama kando yake, midomo umeibana kama unashikilia pini.

Jumamosi kaa upande wa pazia. Kilemba kifunge kwa nguvu, na kwa sababu mikono yako haijui kutulia, ipe kazi: chukua kisu na yale machungwa ya timu, anza kumenya filimbi ya kwanza ikilia na usiache mpaka ya mwisho. Mtu anayemenya chungwa hawezi kushika kichwa. Ukizidiwa na hamu ya kujua mchezo unakwendaje, mtazame mwanao. Ni zamu yako sasa kusoma uso wake.

Huenda mkafungwa. Hao ni mabingwa, na nyie mna wasichana wanaojifunza, nisikufiche. Lakini pazia likishafunguliwa na watoto wakikaa kwenye duara lao, na wewe kaa. Zamu ikikufikia, sema kwa sauti ile uliyokuwa ukiimeza msimu mzima: "Leo nimekaa mchezo wote bila kujua pointi!"

Watakupigia makofi kama umeolewa upya. Hapo sasa kilemba kivue, kirushe juu, refa akakitafute.