Kwa Nini Papa Alikimbia Gizani

Jumapili jioni. Mvua imekatika sasa hivi na uwanja wetu hapa Gihundwe umejaa madimbwi. Ukungu umelala juu ya ziwa, kwa hiyo Bukavu, ng'ambo Kongo, haionekani, ingawa siku kavu tunaona hata mabati ya nyumba zake yaking'aa. Moyo wangu ni mzito, lakini si kama wiki iliyopita. Naandika kabla sijasahau mambo yalivyokwenda.

Papa anakunywa.

Sijawahi kuandika maneno hayo mawili hapa. Nimewahi kuandika "Papa amechoka" na "Papa amechelewa", na nyinyi mnaosoma labda mlielewa zamani.

Papa ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake ndogo Kamembe. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda, lakini yeye alizaliwa na kukulia Bukavu, kama Maman, na tulivuka kuja kuishi huku Rwanda nikiwa mdogo. Mimi nimesoma shule za hapa, kwa hiyo Kinyarwanda ni lugha yangu ya darasani na ya michezo. Papa yeye ana Kinyarwanda cha sokoni: salamu, bei, na vipande vya maombi ya kanisani. Mengine huyaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu anaona aibu kuuliza. Watu wakigundua kwamba Mnyarwanda hajui vizuri lugha yake, wanamtazama kwa namna fulani. Namna hiyo anaijua.

Alikuwa anakunywa kidogo tangu zamani. Koko, mama yake mzazi, alipofariki, akaanza kunywa sana. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, asubuhi na jioni. Mikono yake ilianza kutetemeka mpaka Maman akawa anamshikia kikombe cha chai. Geti alilomtengenezea mchungaji lilirudishwa, kwa sababu mishono ya kuchomelea ilikuwa imepinda kama njia ya nyoka.

Msimu wa mvua ulipoanza alienda kituo cha afya peke yake, kwa ajili ya maumivu chini ya mbavu za kulia. Alirudi na habari moja tu: "Banasema nifanye siporo."

Kesho yake aliamka mapema kuliko jogoo, akavaa viatu vyake vya raba, akatoka kukimbia kwenye barabara ya Kamembe, giza likiwa bado nene.

"Ngoja kuche basi," Maman alimwambia. "Pikipiki zitakugonga."

"Nilishaambiwa namna inafanywa," Papa akajibu.

Tulifikiri ni kiburi. Baadaye tukafikiri anajificha watu wasimcheke. Lakini watu walimwona tu. Madereva wa pikipiki wanaosubiri abiria wa kwanza walimpigia kelele: "Mzee, polisi banakufuata? Panda, tukufiche." Naye aliwajibu huku akihema: "Niko nafuata tumbo yangu, iko mbele." Alitusimulia hayo mwenyewe, na Maman akacheka. Nilikuwa sijamsikia Maman akicheka siku nyingi.

Nilifurahi sana. Nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia kama mazoezi yanaweza kumponya mtu anayekunywa. Sikusema ni nani. Alinijibu taratibu, kama anayejua ni nani. Alisema mazoezi yanausaidia moyo, usingizi na akili, na yanaweza hata kupunguza mafuta yanayojaa ndani ya ini. Lakini pombe inavunjwa na ini lenyewe, si jasho. Mtu akikimbia na huku anaendelea kunywa, ini linabaki na mzigo wake uleule.

Nilibeba jibu hilo mpaka nyumbani na sikulisema.

Kwa sababu kila siku, akirudi kukimbia, Papa alipitia kabare ya Mama Shukuru, kilabu cha pombe pale kwenye kona, akanywa kasiksi "ya kurudisha maji". Hata alinieleza hesabu yake. "Ya jana nimeitoa yote na jasho, Aline. Sasa kuko nafasi." Alikuwa na furaha na fulana yake imelowa. Nilishindwa kumharibia.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya kurudi kituo cha afya. Maman alikuwa amevuka kuuza nyanya Bukavu, kwa hiyo niliomba ruhusa shuleni nikamsindikiza. Muuguzi, yuleyule wa mara ya kwanza, alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole, lakini Kinyarwanda chake kinakwenda mbio. Alimwuliza Papa kama anafuata ushauri. Papa akajibu kwa Kinyarwanda chake, akijivunia, kwamba ndiyo, anakimbia kila siku *mu mwijima*.

Muuguzi akainua uso. "Gizani? Kwa nini?"

Papa akageuka kunitazama. Hapo hapo nikaelewa.

Kwa wasiojua Kinyarwanda: *umwijima* ni giza. Lakini *umwijima* ni ini pia. Neno ni lilelile. Muuguzi alikuwa amemwambia siporo ni nzuri *ku mwijima*, yaani kwa ini. Papa alisikia *mu mwijima*, gizani. Akaenda kukimbia gizani.

"Papa," nikamwambia kwa Kiswahili, "hakusema giza. Alisema maini. Maini yako iko na ugonjwa."

"Maini?"

"Ndiyo, Papa. Sababu ya pombe."

Muuguzi aliweka kalamu chini, nadhani alikuwa ameelewa. Kisha Papa akasema polepole, akitazama mikono yake: "Alisema umwijima wangu umechoka. Mi nikafikiri ameona giza yangu. Ile ya tangu Mama alikufa. Nikasema, huyu mutoto amejuaje?"

Nilimtafsiria muuguzi hivyohivyo, na macho yake yakalowa.

"Na siporo imesaidia," Papa akaongeza. "Ile giza imepungua kidogo. Sidanganyi."

Muuguzi akamwambia asiache kukimbia, ila akimbie mchana watu wakimwona. Akamwambia pia kwamba mafuta yamejaa kwenye ini, lakini bado linaweza kupona kama pombe itatoka kabisa. Halafu akatuonya jambo ambalo sikulijua: mtu anayetetemeka hivyo asiache ghafla akiwa peke yake, kwa maana mwili unaweza kupata degedege. Apunguze kidogo kidogo kwa kipimo watakachompa wao, na awe anarudi kuangaliwa. Nilitafsiri kila neno. Sikupunguza hata moja.

Njiani tulipitia karakanani. Kulikuwa na vyuma vilivyoachwa nje, vimeshika kutu. Alivitazama.

"Kumbe nilikuwa napiga musasa asubuhi," akasema, "kisha naacha chuma mu mvua."

Maman aliporudi nilimweleza yote. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua kitambaa cha kichwani. "Miezi hii yote," akasema, "na hakuna muntu alimwambia." Nilijua hanilaumu mimi. Hata hivyo nilitoka nje nikalia kidogo.

Leo tulikimbia pamoja kabla ya ibada, kumekucha kabisa. Ninapoandika "tulikimbia", maana yake yeye alikimbia na mimi nilifuata nikishika ubavu. Tulipofika kwenye kona, Mama Shukuru alikuwa ameshatoa chupa mezani.

"Papa Aline, maji yako hii hapa."

"Leo niko na mutoto," Papa akajibu.

"Mutoto nitamupa fanta."

Papa akacheka, lakini hakusimama. Alikunja ngumi mpaka tukapita. Barabara kutoka pale mpaka nyumbani ni fupi. Leo ilikuwa ndefu.

Jioni Maman alimpimia ile kidogo iliyoruhusiwa. Aliinywa taratibu, akashika glasi tupu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ataomba nyingine. Maman naye alidhani hivyo, nilimwona akijishughulisha na sufuria isiyohitaji kazi. Mwishowe Papa akamrudishia glasi.

Sijui kama ataweza. Najua mwili wake unataka nini, na najua kwamba kesho nitakuwa darasani wakati yeye yuko Kamembe, na kabare ziko kila upande wa karakana. Mazoezi hayawezi kufanya kazi ya kuacha pombe. Lakini sasa anajua anachopigania, na kina jina katika Kiswahili chake.

Sasa hivi amenipitia hapa mlangoni, akiwa na viatu vyake vyenye matope mkononi.

"Aline," ameniuliza, "kesho kutakucha saa ngapi?"

Hajawahi kuuliza hilo.